Jino la Ziada Si Mkosi

(Mazungumzo na kikundi cha akina mama, Likoni)

Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulificha: mtoto kuota jino la ziada, au meno mawili kushikana yakawa kama moja.

Nyote mwalijua neno kigego. Zamani hapa pwani mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu alihesabiwa mkosi, na wako waliouawa kwa hilo. Hayo tumeyaacha, lakini hofu imebaki. Jino geni likionekana, maneno huanza: kuna laana, kuna jicho. Mwisho mtoto ang'olewa nyumbani kwa koleo.

Hapana, jamani! Chombo kichafu huleta usaha na pepopunda. Tena waweza kuling'oa jino zima ukaliacha la ziada.

Meno huanza kufanyika mtoto akiwa bado tumboni. Mara nyingine mbegu moja huzidi, au mbili huungana. Si kosa la mama, wala la jirani.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, hesabu. Mtoto wa miaka 3 kwa kawaida ana meno 20, yaani 10 juu na 10 chini.

Pili, jino la ziada mara nyingi hukaa katikati ya meno mawili ya mbele ya juu, dogo, limechongoka. Lingine hujificha ndani ya ufizi na kuzuia jino la ukubwani. Mtoto wa miaka 7 au 8 akiota jino la mbele upande mmoja, na miezi 6 ikapita upande wa pili kimya, mpeleke. Daktari atapiga picha, kisha ataamua kung'oa au kungoja.

Tatu, meno ya utotoni yaliyoshikana msiyatenganishe. Mara nyingi huachwa mpaka yang'oke yenyewe. Lakini chakula hukaa kwenye ule mstari wa katikati na jino likaoza, kwa hiyo piga mswaki hapo asubuhi na usiku. Daktari pia aweza kuuziba, na kutazama kwa picha kama meno ya ukubwani yapo chini yake.

Madaktari wa meno wako Hospitali Kuu ya Pwani. Kwenye feri aendaye kwa miguu halipi. Akina baba, nauli iliyobaki ni ya matatu tu. Msimwachie mama peke yake.