Besi Yetu Mpya

Maneno ya bendi ya Jumuiya, yaliyosemwa ukumbini Reading usiku wa sherehe ya Uhuru na mwanabendi mmoja ambaye kwa kazi ni muuguzi

    

Tumepewa dakika kumi kabla ya chakula, na harufu ya pilau imekwisha kufika hapa jukwaani, kwa hiyo tutajitahidi tusizidishe. Mwenyekiti alitutaka tueleze jambo moja tu: zile paundi 380 zilikwenda wapi. Wengine mnajua, wengine mmesikia nusu, na nusu iliyobaki mmejijazia wenyewe. Fedha zile zilinunua kitu hiki hapa, gita la besi lenye nyuzi 4. Wanabendi 5 tulitoa paundi 40 kila mmoja, zikawa 200. Zile 180 tulizikopa katika mfuko wa sherehe hii ya leo, tukaahidi kuzirudisha kabla ya kununua nyama. Mweka hazina yuko pale karibu na mlango, na tunaona anaandika.

Kwa miaka 6 bendi yetu haikuwa na besi. Sauti nzito ilitoka kwenye kinanda, mkono wa kushoto. Kinanda kile mlikichangia ninyi, hatukitukani. Lakini mnakumbuka ilivyokuwa: tukianza wimbo wa zamani, wa enzi za Juwata au za Mlimani Park, kina mama wanainuka, na watoto wanatoka kwenda kwenye korido na simu zao. Siku moja tulimuuliza mtoto mmoja, kijana mwenye adabu kabisa, kwa nini hawakai. Akajibu kwa Kiingereza, tukamwambia jaribu kwa Kiswahili. Akafikiri kidogo, akasema, "Anti, wimbo huu ni mwembamba."

Tulicheka, lakini neno lile lilitukaa. Kwa sababu alikuwa na haki. Watoto wetu wamezisikia nyimbo hizi kwenye simu tu. Uzi mnene kuliko wote wa gita hili, ukiupiga bila kuubana, unatikisika kama mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu, iliyo ndogo kama ukucha, haina uwezo wa kusukuma hewa namna hiyo. Kwa hiyo mtoto anasikia waimbaji, anasikia gita la solo na tarumbeta, lakini chini yake hakuna kitu. Sisi wakubwa hatuoni pengo hilo, maana wengi wetu tuliwahi kusimama kwenye kumbi, na sikio linajaza lenyewe kile linachokikumbuka. Mtoto aliyezaliwa hapa atajaza kwa kumbukumbu ipi?

Basi Jumamosi moja tukaenda dukani, watu watatu: mpiga solo, mpiga tumba, na mwingine aliyetoka moja kwa moja kwenye zamu ya usiku, sare ya wodini ikiwa bado imo ndani ya koti. Tulikwenda kuangalia tu. Kina mama mnaijua hiyo kuangalia tu.

Tulijaribu gita la kwanza, la pili, la tatu. Mazuri yote, hakuna lililotugusa. Kisha kijana wa duka akatushushia moja kutoka ukutani, la muundo wa Precision. Muundo huu ulitolewa na Leo Fender huko California mwaka 1951, kwa hiyo ni mkubwa wa Uhuru wetu kwa miaka 10. Kabla yake besi ilikuwa lile gita kubwa la kusimama, refu kuliko mpigaji, ambalo ndugu zetu wa Zanzibar wanalijua vizuri katika taarabu. Lina sauti tamu, ila jaribu kulipandisha kwenye basi! Fender alichofanya ni kutengeneza besi ya kuvaa begani. Chini ya nyuzi zake kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya, unakwenda kwenye amplifaya, unarudi kuwa sauti. Kifaa hicho wapigaji wanakiita pikapu. Watoto, si ile pikapu ya kubebea mkaa.

Mpiga solo akapiga uzi mmoja, mara moja, akaacha.

Tumejaribu kuwasimulia watu sauti ile na hatujafaulu. Ilikuwa ya mviringo, haikuwa na pembe. Ilifika tumboni kwanza, masikioni baadaye. Haikutikisa vioo vya duka, wala haikuwa kubwa, lakini ilikaa pale ilipowekwa kama mzigo uliotuliwa vizuri. Mpiga tumba alikaa juu ya boksi bila kuuliza kama boksi ni la kukalia. Tukaombana, "Hebu tena." Ikapigwa tena. Tulikaa mle kwa saa nzima na nusu kwa sababu ya noti tatu nne, tukalipa, tukatoka na gita jipya ndani ya boksi lake, tukijiona tumeoa.

Ijumaa iliyofuata tukalifungua hapa hapa ukumbini, mbele ya baadhi yenu. Tukalichomeka kwenye amplifaya yetu ile ndogo, tukaiweka juu ya kiti, tukapiga.

Ilitoka sauti ya senyenge.

Tukaongeza sauti, senyenge ikaongezeka. Tukapiga kwa nguvu zaidi, nyuzi zikawa zinagonga vyuma vya shingoni, kwaa, kwaa. Mwenyekiti alitoka kupokea simu ambayo hatukuisikia ikilia. Ilikuwa hivyo kwa wiki tatu. Tuliona aibu, tusifiche. Fedha za nyama ya Uhuru zilikuwa mikononi mwetu katika umbo la kitu kinacholia kama bati. Mmoja wetu alisema tumeuziwa kibaya. Mwingine akasema lililokuwa ukutani ndilo zuri, la ndani ya boksi ni lingine. Siku za kurudisha dukani zilikuwa 30, na tulikuwa tumeshatumia 22.

Aliyetuokoa ni binti wa mpiga drams wetu, ana miaka 14. Alikuwa anakuja mazoezini kwa sababu hakuna wa kubaki naye nyumbani, anakaa pembeni na kazi zake za shule. Siku ile tulikuwa tumeliweka gita chini, tumekaa kubishana kuhusu kulirudisha. Akalichukua. Akawa analigusa polepole sana, kwa kidole gumba, karibu na shingo, kwa sababu alikuwa anaogopa kutusumbua. Na amplifaya ilikuwa bado imefunguliwa juu, hakuna aliyekumbuka kuizima.

Sauti ya dukani ikaingia ukumbini. Tukanyamaza wote. Yeye alidhani amekosea, akaliweka chini haraka!

Hapo sisi tuliosomea shahada ya uuguzi huku, tukiwa watu wazima na watoto mgongoni, tulijiona wajinga, maana somo hilo tulikwisha kulipasi darasani. Stetoskopu nyingi zina pande mbili. Upande mpana wenye utando ni wa sauti nyembamba. Upande mdogo unaofanana na kikombe ni wa sauti nzito, baadhi ya zile za moyo. Na sheria ya kile kikombe ni kwamba unakilaza juu ya kifua bila kukikandamiza. Ukikikandamiza, ngozi iliyo chini yake inakazwa, nayo inageuka kuwa utando, na ile sauti nzito uliyoitafuta inapotea. Mwanafunzi asiyesikia kitu hukandamiza zaidi, anazidi kutosikia. Tulifanya hivyo hivyo na besi, wiki tatu.

Tukaanza kurekebisha. Tulishusha amplifaya kutoka kwenye kiti tukaiweka sakafuni, karibu na ukuta, sauti nzito ikanenepa papo hapo. Tulizungusha kile kifungo kidogo cha kupunguza ukali. Tulijifunza kwamba mahali unapochuna uzi ni jambo kubwa: karibu na shingo sauti ni ya mviringo, karibu na mwisho wa gita inakonda. Na tulirudi dukani, si kurudisha, bali kuuliza. Kijana yule akacheka. Gita la ukutani, akasema, limeshikwa na vidole vya mji mzima kwa miezi, nyuzi zake zimechoka, ukali umekwisha. Lenu lina nyuzi mpya. Akatuonyesha nyuzi za aina nyingine, zilizozungushiwa utepe bapa badala ya waya wa duara, ambazo sauti yake ni tulivu tangu siku ya kwanza. Ndizo alizotumia James Jamerson, yule mpiga besi wa Motown kule Detroit, na mkono wake wa kuume alichunia kidole kimoja tu. Tulizinunua kwa fedha za mfukoni, mweka hazina asishtuke.

Sasa kuna mzee wetu mmoja, hatutamtaja, mwenyewe hapendi. Wengi mmezoea kumwona anaondoka kwenye sherehe mapema, kabla hata ya keki. Tulidhani amechoka, na wengine, Mungu atusamehe, tulidhani anajisikia. Tatizo ni masikio. Kwa watu wengi uzee unapoingia masikioni unaanza na sauti nyembamba: s, f, t, sh. Mzee anasikia kwamba unaongea lakini hasikii unasema nini. Katika ukumbi kama huu, sahani zinagongana na watoto wanapiga kelele, mashine za masikioni zinamletea vurugu tupu. Mtu anaaga, anakwenda kukaa na televisheni yake yenye maandishi.

Tulimwomba aje mazoezini, kwa sababu ujana wake aliumalizia DDC Kariakoo akicheza, na sisi tulitaka mtu wa kutuambia ukweli. Alikaa. Tulipoanza, akatoa zile mashine masikioni, akazifunga kwenye leso, akaweka kiganja juu ya meza ya mbao. Akafumba macho. Wimbo ulipokwisha hakutusifu. Alimwita yule binti.

"Unaongea mno," akamwambia.

Binti akasema hajaongea neno.

"Mkono wako unaongea mno. Acha nafasi."

"Nafasi ni nini, Babu?"

Mzee akagonga meza mara mbili, akainua mkono juu, akausubirisha pale hewani, kisha akagonga tena. "Ile nilipoinua mkono. Ile ndiyo."

Na ni kweli. Sikilizeni rekodi za bendi zile kwa spika nzuri. Besi inasema maneno mawili matatu, inanyamaza, tumba zinajibu, inarudi. Siku ile binti aliuliza na chemko ni nini, na kiitikio ni nini, na kwa nini mwimbaji analalamika kuhusu barua. Mzee hazungumzi Kiingereza na watoto, ni msimamo wake, kwa hiyo yote yalikwenda kwa Kiswahili, kingine cha kubahatisha. Tangu Oktoba mzee hajakosa Ijumaa hata moja. Juzi alikuja na homa, ikabidi tumrudishe nyumbani.

Hatusemi mambo yote yamenyooka. Baba wa binti anasema ana mitihani na sisi tunamharibu. Mama yake anasema mwacheni. Jambo hilo halijaisha, na tunajua hawapendi tulitaje hapa, tusameheane. Sisi wenyewe tulinunua besi hii tukitaka kuipiga, na mtoto anatuzidi kwa mbali, na zamu za usiku hazituachii muda. Sasa tunalipokezana, na wiki nyingi linalala kwao.

Neno moja la kazi yetu kabla hatujapiga. Sauti nzito haiumi sikio haraka kama ya filimbi, ndiyo maana inadanganya, mtu anaongeza na kuongeza. Sheria za kazini hapa Uingereza zinamtaka mwajiri aanze kuchukua hatua kelele zinapofika desibeli 80, na zikifika 85 lazima awape watu kinga. Usiku huu tumeipunguza. Pale mlangoni kuna vizibo vya masikio kwenye kikapu, ni bure. Mtoto yeyote akisimama mbele ya spika bila vizibo tutasimamisha wimbo, na tutamwita kwa jina la baba yake.

Kuhusu deni: tumerudisha 120, zimebaki 60. Nyama ya leo ilinunuliwa, mnaisikia harufu, lakini Mwenyekiti aliongezea mfukoni mwake, na tutamlipa kabla ya Krismasi. Mweka hazina, andika na hilo.

Tutaanza na wimbo wa polepole, chemko litakuja baadaye, msiharakishe. Mzee, ile meza ya mbao tumeiweka karibu na spika ya kushoto, kiti chako kipo. Watoto, sakafu hii ni ya mbao pia. Wekeni viganja chini, hivyo, vyote viwili. Binti, fungua amplifaya. Polepole.