PENALTI ILISAMEHEWA, NAULI IKALIWA

Mwandishi wa kujitegemea alizungumza na vijana wa Magomeni, Dar es Salaam, kuhusu yaliyowapata abiria wa ndege wakati wa Korona. Tunachapa mazungumzo yake kama alivyoyatoa.

Najua wapo humu ndani wanaojiuliza, huyu bwana ametoka wapi na habari za ndege wakati sisi tunagombea mlango wa daladala? Swali hilo ni halali. Mimi mwenyewe nimeishia kidato cha nne, na ndege nimepanda mara moja tu, tena kwa nauli ya mtu mwingine. Lakini nataka kusema juu ya mchezo mmoja uliochezwa mwaka 2020 mbele ya dunia nzima, mchana kweupe, na ambao ulimkuta mpaka kaka yangu wa tumbo moja. Mchezo wenyewe uliitwa msamaha.

Tuanzie barabarani. Gari likiharibika Manzese, konda anafanya nini? Anawafaulisha. Anasimamisha gari jingine, anamalizana na konda mwenzake, nyie mnaendelea na safari. Akikosa gari la kuwafaulisha, anarudisha nauli, na asiporudisha mnajua wenyewe kinachofuata. Hakuna konda aliyewahi kuwaambia abiria: "Nauli zenu ninazo, nitawapa karatasi, mje mpande gari langu mwakani." Angethubutu?

Basi wenye ndege walithubutu.

Kwa asiyejua, tiketi ya ndege ya bei nafuu ina kamba shingoni. Ukitaka kubadili tarehe, unalipa penalti. Marekani, kabla ya Korona, penalti hiyo kwenye makampuni makubwa ilikuwa kwa kawaida dola 200 kwa safari za ndani ya nchi. Kwa fedha yetu ya wakati ule hiyo ni kama laki nne na sitini, na hujaenda popote, umebadili tarehe tu! Mwaka 2019 makampuni ya ndege ya Marekani yalikusanya kwa njia hiyo kiasi cha dola bilioni 2.8. Sikukosea, ni bilioni. Fedha za watu waliofiwa, waliougua, walioitwa kwenye usaili wa kazi siku ileile ya safari.

Sasa likaja lile gonjwa. Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura Januari 30, 2020, na Machi 11 likasema wazi kuwa hilo ni janga la dunia. Watu wakaogopa kununua tiketi. Mwishoni mwa Februari kampuni ya JetBlue ikatangulia kusema: nunua sasa, ukibadili mawazo hatutakutoza penalti. Wiki mbili hazikupita, United, Delta na American nazo zikafuata. Magazeti yakaandika kwa herufi kubwa, watu wakashangilia.

Naomba nieleweke. Sisemi kusamehe penalti ni vibaya. Kwa mtu ambaye angelipa dola 200 na hakulipa, ni nafuu ya kweli. Ninachosema ni hiki: tazameni msamaha huo ulitolewa lini na kwa faida ya nani.

Kwa sheria ya Marekani, na hii ni sheria ya zamani siyo ya Korona, kampuni ikifuta ndege yenyewe, abiria aliyeamua kutosafiri ana haki ya kurudishiwa nauli yake taslimu, hata kama tiketi yake iliandikwa "hairudishwi". Lakini abiria akijitoa mwenyewe kabla ndege haijafutwa, haki hiyo hana. Anapata vocha. Na hapa ndipo mtego ulipotegwa. Machi 2020 kila mtu alikuwa anaona kuwa ndege zitafutwa. Makampuni yaliona, maana ndiyo yaliyokuwa yanapanga ratiba. Yakamwambia abiria: njoo mapema, badilisha bure, hakuna penalti! Abiria mwenye wasiwasi akakimbia kujitoa. Wiki moja au mbili baadaye ndege ileile ikafutwa, lakini yeye hayumo tena kwenye orodha ya wanaodai fedha. Ameshapokea vocha, tena kwa furaha.

Aliyewahi ndiye aliyeliwa.

Kaka yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa amepata kazi Muscat, viza mkononi. Kupata nauli aliuza bodaboda yake, ile iliyokuwa inatulisha nyumbani, na mama akaongezea fedha ya mchezo aliyokuwa ameipokea wiki hiyo. Tiketi laki nane na nusu, safari wiki ya kwanza ya Aprili 2020. Katikati ya Machi akasikia redioni kwamba mashirika yanasamehe penalti. Akaenda mbio kwa wakala. Wakala, kijana mwenzetu tu, hakuwa na nia mbaya, akamwambia: "Bro, una bahati, mwezi huu hawakati kitu. Chukua vocha ya mwaka mzima." Akaweka sahihi. Siku hiyo alirudi nyumbani na soda za kutosha watoto wote wa uani.

Machi 29 Oman ikasimamisha ndege. Ile ndege yake ikafutwa na kampuni yenyewe. Tulikuwa na mpangaji mwenzetu ambaye naye alikuwa asafiri na ndege hiyohiyo, mtu mvivu wa kufuatilia mambo, hakuwa amekwenda kwa wakala wala kwa mtu yeyote. Kwa masharti ya tiketi ya kampuni hiyohiyo, yeye alistahili fedha yake yote, na aliipata, ingawa ilimchukua mpaka mwezi wa saba kwa simu na matusi. Kaka yangu alipokwenda akaambiwa, wewe ulijitoa kwa hiari.

Kwa hiari! Neno hilo mpaka leo ukilitaja nyumbani kwetu mama anatoka nje.

Sisi vijana neno vocha tunalijua. Ukikwangua vocha ya elfu moja unapata elfu moja yako, na unaweza kumrushia salio hata shangazi. Vocha ya ndege ni mnyama mwingine. Ya kaka yangu ilikuwa na jina lake peke yake, huwezi kumuuzia mtu. Ilikuwa na tarehe ya kufa. Na lililo baya kuliko yote, penalti ilikuwa imesamehewa lakini tofauti ya nauli haikusamehewa. Oman ilipofungua anga Oktoba 1, 2020, nauli ya njia ile ilikuwa imepanda mpaka milioni moja na laki mbili. Kaka akatakiwa kuongeza laki tatu na nusu. Bodaboda hana, kazi hana, viza imekwisha muda wake. Vocha ikafa Machi 2021 ikiwa kwenye droo ya kabati. Kampuni yenyewe sitaitaja. Siyo peke yake iliyofanya hivyo, na mimi sina wakili.

Turudi Marekani, kwa sababu kule hesabu zilifanywa hadharani na karatasi zipo.

Aprili 14, 2020, viwanja vyote vya ndege vya Marekani vilipitisha abiria 87,000 na ushei. Siku kama hiyo mwaka uliotangulia walikuwa zaidi ya milioni 2.2. Biashara ilikuwa imekufa, hilo hatubishi. Chama cha mashirika ya ndege duniani, IATA, kilikadiria kuwa tiketi ambazo hazikutumika na zingetakiwa kurudishiwa fedha kwa miezi mitatu tu, Aprili hadi Juni, zilifikia dola bilioni 35. Wakuu wake wakasema waziwazi kuwa fedha hiyo haipo, abiria wavumilie na vocha. Kwa lugha ya uswahilini, abiria wakakopesha mashirika bila kuulizwa na bila riba.

Sasa sikilizeni vizuri. Machi 27, 2020 Rais wa Marekani wa wakati huo, Donald Trump, alitia sahihi sheria ya kuokoa uchumi. Ndani yake makampuni ya ndege za abiria yalitengewa dola bilioni 25 za kulipa mishahara ya wafanyakazi, na bilioni 25 nyingine za mikopo. Desemba zikaongezwa bilioni 15 za mishahara, Machi 2021 bilioni 14. Ile fungu la mishahara sehemu kubwa haikuwa deni la kurudisha. Mfanyakazi kulindwa na mshahara wake ni jambo jema, mimi sina kinyongo. Lakini fedha hiyo ilitoka wapi? Kwa mlipa kodi. Na mlipa kodi huyohuyo ndiye abiria aliyekuwa amekaa nyumbani na vocha. Kampuni ikawa imemshika mikono yote miwili, mkono wa kodi na mkono wa nauli.

Baadhi ya maseneta, wakiwemo Edward Markey na Richard Blumenthal, wakapiga kelele Aprili hiyo kwamba makampuni yamekalia zaidi ya dola bilioni 10 za abiria. Wizara ya Uchukuzi nayo Aprili 3 ilikuwa imetoa waraka kuyakumbusha: mkifuta ndege, rudisheni fedha, vocha siyo fedha. Makampuni yakatafuta kichochoro kingine. Kama "ndege imefutwa" au "imebadilishwa sana" ndiyo inayoleta fedha, basi tubadili maana ya maneno! United ilikuwa inahesabu mabadiliko ya saa mbili kuwa makubwa. Machi 2020 ikavuta mpaka saa sita. Yaani ndege ya saa mbili asubuhi ikihamishiwa saa saba mchana, hakijatokea kitu, panda au jinyamazie.

Nani alishinda? Hapa nataka tusimame kidogo, maana hapa ndipo penye nyama.

Abiria wa Marekani hawakunyamaza. Malalamiko yaliyofika wizarani mwaka 2020 yalizidi 100,000, wakati mwaka 2019 yalikuwa 15,000 na kitu. Karibu tisa katika kila kumi yalihusu kurudishiwa nauli. Hawakuandamana. Walijaza fomu. Mtu mmoja mmoja, jina, namba ya tiketi, tarehe, kiasi. Fomu haina kelele ya maandamano lakini ina kitu kimoja: inabaki kwenye faili. Novemba 14, 2022 wizara ikatangaza kuwa makampuni sita yamerudisha zaidi ya dola milioni 600 kwa abiria na kupigwa faini ya jumla ya dola milioni 7.25. Frontier ya Marekani ilirudisha milioni 222, TAP ya Ureno milioni 126.5, Air India milioni 121.5. Nyingine zilikuwa Avianca, El Al na Aeromexico. Frontier ilikamatwa kwa kosa ambalo konda yeyote angelielewa: ilibadili maana ya ndege iliyofutwa, kisha ikaitumia maana hiyo mpya kwa watu waliokuwa wamekwisha nunua tiketi chini ya maana ya zamani.

Mmeona lakini? Katika sita hao, Mmarekani ni mmoja tu, tena siyo katika wale vigogo. Papa wakubwa hawakuwemo kwenye wavu ule. Kila mtu na aamue mwenyewe.

Na ile penalti? Agosti 30, 2020 United ilitangaza kuifuta moja kwa moja kwa safari za ndani, na kesho yake Delta na American zikafuata. Wapo waliosema ni huruma ya Korona. Huruma gani? Ndege zilikuwa tupu. Tena Southwest, mshindani wao mkubwa, haikuwa inatoza penalti hiyo tangu zamani na kabla ya Korona bado ilikuwa inapata faida. Kilichoondoa penalti ni viti vitupu pamoja na mtu wa jirani anayeuza bila penalti. Na hata hapo yule wa tiketi ya bei ya chini kabisa aliachwa nje ya msamaha. Kabwela ni kabwela hata akiwa angani.

Sheria ilikuja baadaye. Aprili 2024 wizara ile ilitoa kanuni: ndege ikifutwa, au ikibadilishwa kwa saa tatu kwa safari za ndani na saa sita kwa safari za nje, na abiria akakataa alichopewa badala yake, fedha irudi yenyewe bila kuombwa. Maana ya maneno ikaandikwa na serikali, siyo na mwenye ndege. Na kwa abiria anayezuiwa kusafiri na ugonjwa mkubwa wa kuambukiza, kanuni hiyo ikasema vocha yake iishi si chini ya miaka mitano na aweze kumpa mtu mwingine. Miaka mitano! Niliposoma kipengele hicho nilinyanyuka nikaenda kufungua ile droo.

Huku kwetu kilichozungumzwa sana mwaka ule ni ugomvi wa anga. Kenya ilifungua safari za kimataifa Agosti 1, 2020, Tanzania haikuwemo kwenye orodha ya kwanza, nasi tukajibu kwa kuizuia Kenya Airways mpaka Septemba. Vijiweni tulibishana wiki nzima nani amemkomoa nani. Mimi pia nilibishana, tena kwa sauti. Katika ubishi wote ule sikumsikia mtu hata mmoja akiuliza nauli za waliokuwa wameshakata tiketi ziko wapi.

Kaka yangu sasa ni fundi wa friji Tandika. Karatasi ya vocha anayo bado, ameikunjia ndani ya leseni yake ya bodaboda. Nilimwomba niilete hapa niwaonyeshe, akakataa.

Nadhani nimesema ya kutosha. Yule ndugu aliyekaa dirishani amenyoosha mkono tangu nilipotaja wakala. Karibu ndugu, uliza.