Kiasi cha Kuziamini Kamusi Elezo za Mtandaoni

Kamusi elezo, yaani mkusanyo wa maelezo ya taaluma mbalimbali uliopangwa kwa vichwa vya habari, ilizoea kupata heshima yake kutokana na majina ya wataalamu walioiandika na ya mchapishaji aliyeidhamini. Wikipedia, iliyoanzishwa Januari 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger, ilikuja na utaratibu tofauti, kwamba yeyote anaweza kuandika, na kosa lake litaonwa na kusahihishwa na msomaji mwingine. Kwa sababu hiyo, kinachostahili kupimwa si kamusi elezo nzima bali makala moja moja, kwa kuangalia ni watu wangapi wenye ujuzi wanaoifuatilia.

Mnamo Desemba 2005, jarida la Nature lilitoa matokeo ya kulinganisha makala 42 za sayansi, ambapo wataalamu walikuta wastani wa makosa karibu manne katika kila makala ya Wikipedia na karibu matatu katika Encyclopaedia Britannica, ingawa Britannica ilipinga vikali mbinu zilizotumika. Mwaka huohuo, makala kuhusu mwanahabari wa Marekani John Seigenthaler ilidai kwa uongo kwamba aliwahi kushukiwa kuhusika na mauaji ya John F. Kennedy na mdogo wake Robert, na uzushi huo mzito ulidumu kwa takriban miezi minne, kwa kuwa hakuna aliyeilinda makala hiyo. Hali ilikuwa mbaya zaidi katika Wikipedia ya Kiskoti, ambako ilibainika mwaka 2020 kwamba maelfu ya makala yaliandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeimudu lugha yenyewe.

Tukio hilo la mwisho linawahusu wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina maelfu mengi ya makala, nyingi zikiwa zile fupi ambazo wahariri wake huziita mbegu, huku wanaozihariri mara kwa mara wakiwa wachache mno. Idadi ya watu wa kata fulani iliyonukuliwa kutoka sensa ya 2012 yaweza kuendelea kusomwa kama ya leo, ilhali Tanzania ilifanya sensa nyingine mwaka 2022.

Mtafiti makini hufungua historia ya makala, inayoonyesha kila badiliko na tarehe yake, kisha ukurasa wa majadiliano, halafu huyasoma marejeo yenyewe badala ya kuridhika kwamba yapo. Hapo ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote, kwani mwandishi wa gazeti huweza kunakili dai lisilo na chanzo kutoka Wikipedia, na baadaye gazeti hilo likatajwa katika makala ileile kuwa ushahidi. Kulinganisha tarehe ambayo dai liliingizwa na tarehe ya chapisho linalolithibitisha hufichua mzunguko huo, na ni zoezi ambalo vyuo vyetu vingepaswa kulifundisha tangu mwaka wa kwanza, sambamba na kuwapa wanafunzi kazi ya kuzikuza mbegu hizo kwa vyanzo vilivyohakikiwa.