Nani Anashika Daftari?

(Maneno niliyozungumza na vijana wa Kata ya Gitting, Hanang. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, kwa ajili ya wenzetu ambao hawakufika.)

 

Sisi huwa tunaitana makamanda. Leo nataka niwasimulie habari za mwanamke aliyekuwa kamanda kweli, halafu mniambie kama hamjaona mambo yetu humo ndani.

Anaitwa Muthoni wa Kirima, wa Kenya. Aliingia msituni akiwa binti wa miaka ishirini na kitu kupigana na Mwingereza, na ndiye mwanamke pekee wa Mau Mau aliyefikia cheo cha Field Marshal. Mimba zilimharibikia hukohuko, hakupata mtoto tena maishani. Uhuru ulipokuja Desemba 1963 akatoka msituni. Hakuwa hata na miaka 35.

Nyuma yake walikuwepo wanawake wengi wasio na cheo chochote. Walipeleka chakula msituni usiku. Walibeba risasi chini ya mboga. Walikamatwa, wakafungwa, wakateswa. Sasa nchi ni mpya, bendera mpya. Wakapata nini?

Ardhi waliyoipigania iligawiwa kwa utaratibu wa kununua: unatoa ada, unabeba mkopo, unalipa kwa miaka. Aliyetoka kizuizini hana hata mbuzi, ada ataitoa wapi? Na hata ikipatikana, hati inaandikwa jina la mwanamume. Mjane je? Binti aliyerudi bila mume je? Kubwa zaidi ni hili: Mau Mau ilipigwa marufuku na wakoloni mwaka 1950, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka 2003. Miaka 40 ya uhuru, jamani! Mtu ameikomboa nchi, lakini kwa sheria ya nchi hiyohiyo chama chake ni haramu. Utasimamaje kudai haki yako?

Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa. Wanawake walikuwemo, lakini wameshakuwa mabibi. Wengi walishazikwa. Muthoni mwenyewe alifariki Septemba 2023, na miaka yote hiyo hakukata nywele zake za msituni mpaka 2022.

Kwa nini iwe hivyo? Mimi jibu langu ni fupi. Vita vikiisha kuna mtu anashika daftari anaandika nani alipigana. Aliyeshika bunduki anaandikwa. Aliyepika, aliyebeba, aliyeficha, anaambiwa "wewe ulikuwa unasaidia tu."

Sasa turudi nyumbani. Hatujatoka vitani, nisije nikanukuliwa vibaya. Lakini mabinti waliovaa magwanda tunao hapahapa. Wamejitolea JKT, wamelima, wamefyatua tofali, wamerudi Gitting na cheti. Ukuta wa Mirerani, kilomita 24.5 katika mkoa wetu huu, vijana wa JKT walishiriki kuujenga. Na Aprili 2021 vijana 854 waliondolewa JKT baada ya kudai ajira walizosema waliahidiwa.

Najua jibu la serikali: tangazo la kujiunga husema wazi kwamba JKT haitoi ajira. Ni kweli, husema. Lakini kijana haamini tangazo pekee, anaamini na mdomo wa mkubwa anayesimama jukwaani. Na binti akirudi mikono mitupu, mzigo wake ni mara mbili. Kaka yake atapewa angalau kipande cha shamba alime ngano au maharage. Yeye ataambiwa akaolewe. Na akitaka kuolewa, wapo watakaomnong'ona kwamba wa jeshini huyo, ni mkaidi.

Hayo ni ya serikali. Ya kwetu je? Wakati wa kampeni nani anapika? Nani anapita nyumba kwa nyumba kwenye baridi hii ya mlima? Halafu ikifika siku ya kupanga majina ya wagombea, mabinti wanaulizwa chai iko wapi. Makamanda, tusicheke. Tukishika nchi na tabia hii, tutawatengeneza akina Muthoni wetu wenyewe.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, tena tuyaanze leo, tusisubiri makao makuu. La kwanza, tufungue daftari la kata. Kila binti aliyepita JKT aandikwe: mwaka, kikosi, kazi aliyofanya, nakala ya cheti. Mikopo ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake na vijana ikitangazwa, twende na daftari hilo mkononi, siyo na malalamiko. La pili, kazi za chama nazo ziandikwe, na za jikoni ziwemo, na majina hayo ndiyo tuanze nayo tunapopanga uongozi.

Na daftari lenyewe, naomba alishike binti.