Oklo na Hoja ya Kaburi Salama



Katika kikao kimoja cha wataalamu nilimsikia mzungumzaji akidai kwamba tatizo la taka za nyuklia lilikwisha kutatuliwa na maumbile kule Oklo, kusini-mashariki mwa Gabon. Vinu vya nyuklia vya asili, alisema, viliwaka humo miaka bilioni 2 iliyopita na taka zake hazikusogea. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga, na leo nataka kueleza kwa nini.

Historia ya ugunduzi mnaijua. Mwaka 1972, kiwandani Pierrelatte, Ufaransa, wapimaji walikuta urani yenye asilimia 0.7171 ya urani-235 badala ya 0.7202. Upungufu ulifuatiliwa hadi mgodi wa Oklo wa kampuni ya COMUF, ikabainika kuwa kiasi kilichokosekana kilikwisha kupasuka ndani ya mwamba wenyewe.

Ninapopenda kukaa zaidi ni kwa Paul Kuroda. Mwaka 1956 mkemia huyu mzaliwa wa Japani, akiwa Chuo Kikuu cha Arkansas, Marekani, alichapisha makala fupi sana kuhusu uwezekano wa kinu cha asili. Masharti yake: mbale tajiri, yenye unene unaozidi safari ya nyutroni, takriban theluthi mbili za mita, urani-235 ya kutosha, ambayo zama hizo za kale ilizidi asilimia 3, elementi zinazomeza nyutroni ziwe haba, na maji ya kuzipunguza kasi nyutroni. Wanafunzi wangu huisoma kabla ya kitabu chochote. Mtu aliketi mezani akauona mwamba ambao hakuna aliyekuwa ameuchimba!

Katika masharti hayo, la maji ndilo linaloniongoza. Maji yenye oksijeni ndiyo yaliyoyeyusha urani na kuipitisha katika miamba ya mchanga ya Franceville, mpaka yakakutana na mafuta ya petroli yaliyotokana na viumbe vya kale. Hapo urani ikatuama. Marehemu baba yangu, mchimba visima wa Namtumbo, hakusoma kemia, lakini akiuacha mwamba mwekundu na kuingia wa kijivu alijua maji yatanuka: oksijeni imekwisha. Mpaka wa namna hiyo, katika miamba ya Karoo, ndio tunaoufuata tunapotafuta urani Mto Mkuju, huko huko Namtumbo, kusini mwa Tanzania. Na huko Oklo maji ndiyo yaliyoviendesha vinu. Vipimo vya zenoni vilivyochapishwa 2004 vinaonyesha kinu kikiwaka kwa kama nusu saa, maji yakichemka na kutoweka, kisha kikitulia saa mbili na nusu hadi maji yarejee.

Sasa hoja ya kaburi, yaani kwamba Oklo ilizizika taka zake salama. Plutoniamu ilibaki pale ilipozaliwa, hilo silipingi. Lakini kriptoni, zenoni, iodini na sesiamu zilitoroka kwa sehemu kubwa. Anayesema taka hazikusogea amehesabu zilizobaki tu. Tena amevitazama vinu vilivyosalimika, vipatavyo 16; kama vipo vilivyomomonyoka vikachukuliwa na mito, haviwezi kuja kutoa ushahidi. Kinu cha Bangombé, kilicho karibu na uso wa ardhi, kimefikiwa na maji ya mvua, na mwamba wake umechakaa kuliko ile ya vinu vya chini zaidi. Oklo ilikingwa na kina, udongo wa mfinyanzi, mabaki ya viumbe, na maji yasiyo na oksijeni. Ondoa kinga hizo, halafu uniambie kaburi liko wapi.

Linaloniuma zaidi ni kwamba sisi wanadamu wenyewe tulizivunja kinga hizo. Uchimbaji katika eneo la Mounana, ulipo mgodi wa Oklo, ulianza 1961 na kukoma 1999, ukatoa zaidi ya tani 25,000 za urani, na vinu vingi vya asili vikaenda na mbale. Uchenjuaji huondoa urani, lakini radiamu hubaki katika tope, na radiamu-226 huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu. Hadi 1975 tope hilo lilimwagwa katika mto Ngamaboungou bila bwawa la kulizuia. Mzungumzaji wetu hakuutaja mto huo hata mara moja.

Kwa hiyo kuhusu Mkuju msimamo wangu haujabadilika: kabla ya tani ya kwanza kuchimbwa, maji ya ardhini yapimwe masika na kiangazi, kuanzia visima vya wanakijiji, na matokeo yabandikwe ofisi ya kijiji kila mtu ayasome.