Kibali cha Mume Si Kibali cha Mke

Mume kutoka Uganda amepata kazi Kenya, anavuka mpaka wa Busia au Malaba na mkewe. Kwenye dirisha la uhamiaji, afisa anagonga mihuri miwili, mmoja kwa kila pasipoti. Tafadhali usome: muhuri wa mgeni hauruhusu kazi, hata ukivuka kila mwezi kuupata upya.

Tangu Julai 2010, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inampa mfanyakazi haki ya kuandamana na mwenzi wake. Lakini kila mmoja na karatasi yake: mume aombe kibali cha kazi, mke pasi ya mtegemezi, cheti cha ndoa kikiambatishwa. Maombi hupelekwa mtandaoni kwa Idara ya Uhamiaji. Mke naye akipata kazi, aombe kibali chake kwanza.

Ndugu yangu, dalali anayedai atakutafutia kibali usimwachie pasipoti. Heri kuchelewa kazini kuliko kufikishwa kortini.