Mgongo Wako na Mikono ya Tabibu

Msikilizaji, tiba ya kiropraktiki, ile ya kunyoosha pingili za mgongo kwa mikono, ilianzishwa na D. D. Palmer mjini Davenport, Iowa, nchini Marekani, mwaka 1895. Anayekwenda mara ya kwanza atarajie maswali kwanza: maumivu yalianza lini, yanashuka mguuni, uliwahi kuanguka? Kisha atainamishwa, atainuliwa mguu akiwa amelala chali, atagongwa goti kwa kinyundo. Ule mlio wa "ko!" pingili zinaponyooshwa si mfupa kuvunjika, ni gesi katika ute wa kiungo. Misuli kuuma siku moja au mbili baada ya tiba ni kawaida.

Lakini tusidanganyane. Kwa maumivu ya kiuno, tiba hii husaidia kiasi, karibu sawa na mazoezi ya viungo. Haiponyi pumu wala kisukari. Kuzungushwa shingo kwa nguvu kunaweza, japo ni nadra, kuchana mshipa wa damu na kuleta kiharusi. Ukifa ganzi sehemu za siri au ukishindwa kuzuia mkojo, kimbilia hospitali. Na anayekuuzia vipindi vya mwaka mzima siku ya kwanza, muulize: nisipopata nafuu, utanipeleka kwa nani?